Baba na Anti Truphosa Wametangazwa

Corbett Springs, Kentucky
13 Septemba

Mama mkubwa mpendwa,

Bwana asifiwe. Leo ni tarehe kumi na tatu Septemba, na nimeweka nadhiri ya kukueleza kila kitu bila kuruka, maana uliniandikia kwamba barua zangu ni kama supu ya hospitali, maji mengi na nyama haionekani. Ile ya Julai uliyonirudishia yenye wino mwekundu nimeisoma yote. Sasa najua kwamba mbuzi ni "wale", si "zile", hata wakishakuwa vipande kwenye friji ya Baba.

Sisi ni wazima. Mgongo wa Baba haumsumbui tena tangu aache kazi ya ghala kule Louisville na kutuleta huku mashambani. Bucha linakwenda polepole. Waumini wa Louisville wanakuja Jumamosi kuchukua mbuzi, lakini wenyeji wanapita mbele ya dirisha letu kama watu wanaopita ajali: wanapunguza mwendo, wanaangalia, wanaendelea. Gaju ametimiza miaka tisa na amekikataa Kiswahili. Nikimwita kula, ananijibu kwa Kiingereza kwamba ana shughuli.

Sasa habari yenyewe. Darasa letu la uandishi linasaidia gazeti la mji. Kila mwaka kabla ya mavuno ya soya, gazeti linatoa ukurasa wa wafanyabiashara na wataalamu, kila mmoja na kisanduku chake. Mimi nilipewa barabara kuu, upande wa kushoto, nikaingia kila mlango. Daktari wa meno ameweka picha ya meno yake mwenyewe. Gaju anasema ni ya farasi. Mwenye matrekta ameweka mbwa wake amekaa kwenye usukani, na watu wakikutana na mbwa huyo barabarani wanamsalimia kwa jina kabla ya mwenyewe. Duka la chakula cha mifugo limeweka kuku yule yule aliyewekwa na babu wa mwenye duka. Nyumba ya mazishi haikutaka maneno mengi. Walisema wateja wao hawana haraka.

Baba hakutaka kisanduku. Alisema, "Shami, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Anti Truphosa akamsikia kupitia ukutani. Huyu ni Mkenya aliyekuja Louisville kusomea uhasibu, na ofisi yake iko ubavuni mwa bucha letu, jengo moja. Wakulima wanamletea risiti ndani ya makopo ya mbegu, naye anawajazia fomu za kodi. Akatokea mlangoni, miwani kichwani.

"Aki Baba Shami, kizuri kilichojificha nyuma ya pazia la plastiki kinajiuza kwa nani? Kwa nzi?"

"Nzi hawaingii kwangu," Baba akasema.

"Si hata nzi hawajui kama uko!"

Mama mkubwa, Baba alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Juma hili wametangazwa, Baba na Anti Truphosa, pamoja, mbele ya mji mzima. Watatangazwa majuma matatu mfululizo, ndiyo kawaida ya hapa. Bi. Tull, ambaye ndiye mkubwa wa mambo hayo, aliwachagulia maneno mwenyewe: "Azarias na Truphosa, sasa chini ya paa moja." Watu wanampongeza Baba barabarani, na mwenye matrekta alimpa mkono. Mimi ndiye niliyewaunganisha, na sijawahi kujivunia jambo kama hili.

Tafadhali niandikie upesi kama nimekosea mahali.

Mwanao,
Shami


Whitehall, Ohio
18 Septemba

Mwanangu Shami,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Gaju. Mimi nipo. Kazi ya kuwatunza wazee kule Reynoldsburg inaendelea, na jirani bado ananipa nafasi kwenye gari lake asubuhi kwa sharti kwamba nisiseme neno juu ya jinsi anavyoendesha. Kabichi zangu za nyuma ya nyumba zimeliwa na sungura. Hapa Columbus sungura hawaogopi mtu, labda kwa kuwa hakuna anayewala.

Kwanza makosa. Umeandika vizuri. Nimetafuta kosa la ngeli sikuliona. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba umekosea neno.

Bon, haya. Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikafika mahali nikakaa. Mimi si mtu wa kukataza watu mambo yao. Baba yako ni mtu mzima. Lakini nauliza, na wewe unijibu kama ulivyoahidi. Huyu mama watu wake ni wa wapi? Anasali? Ana watoto? Gaju anamwonaje? Na kuna sababu gani hatukutumiwa mtu, wala simu, wala salamu ya njiani, mpaka jambo limekwisha kutangazwa ndipo nilisikie kwa mtoto?

Kaka yangu Salomon kule Buffalo nimemjulisha. Jambo la namna hii halifichwi kwa mjomba wenu. Alinyamaza kwenye simu, na unajua Salomon si mtu wa kunyamaza.

Usimwambie baba yako kwamba nimeuliza.

Kula vizuri. Funga koo, baridi inakuja.

Mama mkubwa wako,
Nyirangabo


Corbett Springs
22 Septemba

Mama mkubwa mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Nimesoma kwamba hukuona kosa hata moja, nikairuka meza. Pole kwa kabichi. Baba anasema ukimkamata sungura mmoja mletee, atajua la kufanya.

Sikudhani ungelijali jambo letu kiasi hiki. Nimefurahi. Haya majibu yako.

Watu wake ni wa Kakamega. Anasali kanisa la Wakenya kule Louisville, lakini Jumapili nyingine anakuja kwetu, na anaimba sauti ya pili bila kuangalia kitabu. Hana watoto. Gaju anamwogopa kidogo na kumpenda sana. Anti Truphosa alimwambia kwamba ofisini kwake kompyuta inaelewa Kiswahili tu, kwa hiyo sasa Gaju anaomba biskuti kwa sentensi ndefu zenye "tafadhali".

Wanaelewana vizuri. Saa ya chai anagonga ukuta mara mbili, na Baba anampelekea kikombe. Maziwa mengi, tangawizi kidogo. Baba hajawahi kuuliza jinsi anavyoipenda. Anajua tu.

Kuhusu kuwauliza ninyi kwanza, nilimwuliza Bi. Tull kama kuna kanuni kama hiyo. Alicheka akasema ruhusa ya ukoo haihitajiki, sahihi za hao wawili zinatosha.

Nimekuwekea picha yao. Nimekata picha na maneno ya juu peke yake, kwa sababu sehemu ya chini mwalimu anaihitaji ubaoni. Baba amevaa koti la kanisani kwa kuwa mpiga picha alikuja bila taarifa, siku ambayo Baba alikuwa anatoka kwenye mazishi. Anti Truphosa alikuwa ameingia kuomba maji ya moto tu, lakini angalia jinsi walivyotokea.

Mwanao,
Shami


Corbett Springs
25 Septemba

Mama mkubwa,

Salamu nitaziandika mwishoni, maana habari hii haingoji.

Jana jioni mjomba Salomon alipiga simu kutoka Buffalo. Baba alikuwa ananoa visu, kwa hiyo akaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi. Nakuandikia walivyosema, neno kwa neno.

"Shemeji Azarias! Tumesikia umetangazwa!"

"Eh! Habari imefika mpaka Buffalo?" Baba akafurahi. "Basi kweli inafanya kazi."

"Donc, yaani hukatai."

"Nikatae nini? Kesho ni mara ya tatu."

"Na hukuona vema kutuuliza?"

"Kuwauliza ninyi? Shemeji, nafasi zilikuwa chache. Ningechelewa kidogo tu, daktari wa meno angechukua."

Mjomba akauliza, "Daktari wa meno naye alikuwa anamtaka?"

"Yule ana tamaa, anataka kila kitu kiwe kikubwa. Lakini Truphosa akasema tuingie pamoja, nusu kwa nusu, kila mtu na upande wake."

"Kila mtu na upande wake? Chini ya paa moja?"

"Si kuna ukuta katikati?"

"Azarias. Niambie kama mwanamume. Ni jambo la maisha, au ni la nini?"

"La maisha! Hapana, shemeji, nani anaweza? Tunajaribu majuma matatu. Tukiona linaleta faida, tutaongeza. Lisipoleta, kila mtu atatafuta lake."

Mama mkubwa, nilisikia mjomba akivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Akasema, "Dada yangu amelala kwenye udongo wa Louisville, na wewe unajaribu watu kwa majuma matatu!" Kisha akakata.

Baba aliiangalia simu, kisha akaniangalia mimi. "Shami," akasema, "mama yako anahusikaje na tangazo la nyama?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikwenda chumbani nikaisoma tena barua yako, na kila swali lilikuwa limegeuka.

Tangazo lile ni la biashara, mama mkubwa. Ni kisanduku cha gazeti! Bucha la Azarias upande wa kushoto, mhasibu Truphosa upande wa kulia, kwa sababu wote wawili wako kwenye jengo moja. Hakuna ndoa. Hakuna mtu aliyesimama mbele ya mchungaji. Nilitaka kuandika "piblisite" kama tunavyosema nyumbani, lakini uliwahi kuniambia kwamba hilo ni neno la Kifaransa lililoazima kitenge. Nikafungua kamusi uliyonitumia, nikakuta "tangazo", nikafurahi kwamba nimeandika vizuri. Ya kanisani, yale ya ndoa ya Jumapili tatu, hayakunijia kabisa. Hapa Marekani sijawahi kuyasikia yakisomwa.

Nimempigia mjomba kumweleza. Akauliza, "Na daktari wa meno?" Nikamwambia alitaka robo ya ukurasa. Akasema nikuandikie mwenyewe, yeye hataki kuwa mjumbe wa jambo hili tena.

Nilimweleza na Baba. Alichukua brashi akasugua meza ambayo ilikuwa safi. Ukuta ulipogongwa saa ya chai, alimpa Gaju kikombe apeleke.

Hujambo? Sisi hatujambo.

Shami


Whitehall, Ohio
26 Septemba

Mwanangu Shami,

Nakusalimu. Barua yako yenye picha imefika jana. Kijana wa jirani alinisomea maneno ya juu, na yalikuwa yale yale uliyoniandikia, ya paa moja.

Nimeiangalia picha. Nilitaka kumchukia huyu mama, nikashindwa kwa sababu ya miwani. Mtu aliyesahau miwani kichwani siku ya kupigwa picha si mtu wa hila.

Shami, nitakuandikia jambo ambalo ningelimwambia baba yako kama angelikuja kukaa kwenye kiti changu kama inavyopasa. Hadassa alikuwa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikienda kisimani, na sijui kumtaja bila kusikia uzito wake hapa kwenye mabega. Ndiyo maana simtaji. Imepita miaka minne na baba yako hakuniletea aibu hata siku moja. Amewalea. Amewapikia. Amewasuka, Mungu amsamehe kwa zile nywele.

Sikupenda njia aliyoipita. Hilo nitamwambia. Lakini siwezi kuwa mtu wa kusimama kanisani na kuinua mkono kupinga. Mwambie Azarias kwamba mimi, dada mkubwa wa Hadassa, sina neno. Salomon naye nitamtuliza. Mwambie pia huyo mama kwamba Gaju hapendi maharage mekundu, ila anakula akiambiwa ni ya mgeni.

Nimeandika. Sasa naiweka kwenye sanduku la posta kabla moyo haujageuka.

Nyirangabo


Corbett Springs
1 Oktoba

Mama mkubwa mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua zetu zimepishana njiani. Bila shaka sasa unayo ya kwangu ya tarehe ishirini na tano, na umejua kwamba uliyoyaandika uliyaandika kwa ajili ya kisanduku cha gazeti.

Uliandika jina la Mama. Sijawahi kuliona kwa mwandiko wako.

Sijamwonyesha Baba. Naogopa. Tangu simu ya mjomba, nyumba imebadilika. Baba na Anti Truphosa sasa wanasalimiana kama watu wa benki. Chai anapeleka Gaju, na inafika nusu, kwa sababu Gaju ni Gaju. Juzi Anti Truphosa alinivuta pembeni. "Shami, si uniambie, babako nimemkosea wapi?" Nikasema sijui, jambo ambalo si kweli, lakini ningesema nini? Kwamba amekwisha kuolewa huko Columbus na habari hana?

Upande wa kazi mambo ni mazuri. Tangazo lilifanya kazi. Mwenye matrekta alinunua paja la mbuzi, akarudi na wenzake wawili, na mbwa. Bi. Tull wa gazeti anasema hajawahi kuona kisanduku kilichosomwa hivyo.

Jambo jingine moja. Kampuni moja ya Louisville imemwita Anti Truphosa. Mshahara wa mwezi, bima, meza karibu na dirisha. Lazima awajibu siku ya mwisho ya Novemba. Akienda, ofisi ya ubavuni itafungwa. Nilimwuliza Baba anaonaje, akasema ni heri kwake, mtu aliyesoma hawezi kuishi akihesabu risiti za makopo. Amelisema hilo mara nyingi, hata nisipomwuliza.

Mimi sina la kuongeza. Nimekuandikia tu kwa kuwa niliahidi kila kitu.

Je, nifanye nini na barua yako?

Mwanao,
Shami


Whitehall, Ohio
10 Novemba

Mwanangu Shami,

Nakusalimu. Nimekaa muda mrefu bila kukujibu, na hukulalamika. Umelelewa vizuri.

Theluji ya kwanza ilianguka jana kidogo tu, ikayeyuka. Sungura wamehamia kwa jirani. Salomon alitoka Buffalo akaja kwangu siku mbili, na kila nilipomwekea chai mezani aliuliza kama ni ya majuma matatu au ni ya maisha. Tulicheka mpaka tukapigiwa ukuta na wenyeji wa juu.

Lakini siku barua yako ya ufafanuzi ilipofika sikucheka. Niliibeba nikaisomea kazini. Yule bibi ninayemtunza akaniuliza kwa nini nimekaa na uma mkononi. Nikajaribu kumweleza kwa Kiingereza changu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Kwa hiyo umefungua mlango na nje hakuna mgeni." Ndivyo ilivyo, Shami. Kuufunga ni aibu, kuuacha wazi ni baridi. Kalamu nikaiweka kando.

Kosa si lako. Neno "piblisite" nililikataza mimi. Kuanzia leo liandike.

Ulichoniuliza juu ya barua sikijibu. Ruhusa haiombwi na mtoto. Haitoki kwa mtoto, haiendi kwa mtoto, nami nilikosea kukupa uibebe. Kama kuna mtu anaitaka, ana miguu.

Halafu nikuulize jambo. Umeniandikia Baba alisema nini, Anti alisema nini, mwenye matrekta na mbwa wake. Nimezirudia barua zote kukutafuta wewe, sikukuona. Wewe unataka nini?

Mama mkubwa wako


Corbett Springs
15 Novemba

Mama mkubwa mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika leo asubuhi, nami naijibu leo, kwa sababu siku zimebaki chache. Gaju ana mafua lakini anacheza. Mashamba yote yamevunwa, na mji umekuwa kimya kama darasa baada ya kengele.

Ninataka abaki. Nimeliandika, sasa siwezi kulifuta. Sitaki mtu wa kuchukua nafasi ya Mama. Nataka mtu wa kumjibu Baba. Mimi nikimjibu ni utovu wa adabu, na Gaju akimjibu ni Kiingereza. Anti Truphosa akimjibu, Baba anaweka kisu chini na kucheka. Nikisikia hivyo nikiwa kwenye masomo yangu, ninapata hesabu zote.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Juzi Bi. Tull alikuja buchani na kalamu yake kuuliza matangazo ya Krismasi. Anti Truphosa aliitwa, akasimama mlangoni, si ndani.

"Kisanduku kimoja tena, au viwili?" Bi. Tull akauliza.

"Viwili," Anti Truphosa akasema. "Yaani, kimoja. Cha Baba Shami. Mimi huenda nisiwe hapa."

Baba alikuwa anafunga nyama kwenye karatasi. Akaendelea kufunga mpaka karatasi ikawa nene kama mto. "Mimi sikuona ubaya wa tulivyokuwa," akasema.

"Gazetini?" Anti Truphosa akauliza.

"Gazetini pia."

Bi. Tull haelewi Kiswahili, lakini alifunika kalamu yake, akasema atarudi siku nyingine, na akatoka bila kuchukua nyama yake. Anti Truphosa akashusha miwani machoni, jambo ambalo halifanyi asipokuwa na namba za kusoma.

"Baba Shami, hapo umesema nini?"

"Bado sijasema," Baba akajibu. "Kuna mahali lazima nipite kwanza. Nikikwambia kabla sijapita huko, nitakuwa nimekukosea wewe na nimewakosea wao."

"Na mimi lazima niwajibu watu wa Louisville."

"Najua. Naomba uwaache mpaka siku ya mwisho. Usiwajibu kabla."

Akamwangalia, kisha akasema, "Sawa. Lakini leo chai uilete wewe. Ya Gaju inafika imenywewa."

Leo tukiwa garini Baba alishusha sauti ya redio. Akaniuliza kama wewe unapenda kupewa taarifa mgeni akija, au ni mtu wa kubishiwa hodi. Nikasema taarifa. Akaniuliza kama bado unakunywa maziwa mgando, na kama kiti kile cha karibu na dirisha bado kipo. Nikasema vyote vipo. Anataka kuja Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, yeye na mimi na Gaju, bila Anti Truphosa, kwa kuwa anasema huwezi kuingia nyumba ya mama mkubwa na jibu mkononi wakati hujauliza swali. Akaniagiza nikuandikie kwamba tunakuja kukusalimu tu. Nimekuandikia alivyoagiza.

Hajui kwamba ulikwisha kusema huna neno. Barua yako bado ninayo mimi, na sitaitoa. Tangu juzi anatembea nyuma ya jengo akisema maneno peke yake, na leo nilimsikia akianza upya mara kadhaa, "Dada Nyirangabo, mimi niliyekaa miaka minne…" halafu anakwama. Nadhani ni vizuri aombe mwenyewe, mpaka mwisho, hata kama alikwisha kupewa. Naomba usimkatize. Naomba umwache akwame kidogo, kisha umwonee huruma. Na ukitaka kumwambia neno juu ya nywele zetu, mwambie baada.

Siku inayofuata ziara yetu ni Jumapili, siku ya mwisho ya Novemba, naye Anti Truphosa amesema hatawajibu watu wa Louisville mpaka aone gari letu limerudi.

Nijibu siku hiyo hiyo utakapopata barua hii, mama mkubwa, maana Baba anataka kujua kabla ya kujaza mafuta: Jumamosi hiyo una zamu, au tutakukuta nyumbani?

Mwanao akupendaye,
Shami